Wavu wa Bampa

Chiriku aliitwa mara tatu asigeuke.

Hilo peke yake lilitosha kumfanya baba yake aweke kikombe chini. Mtoto huyo wa miaka saba hakupewa jina la utani bure. Alikuwa akianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri asubuhi, na ukimwita mara moja alikuitikia mara mbili, kisha akakuongezea habari za mwalimu wake, za jino la rafiki yake na za sisimizi aliyemwona bafuni. Jumatatu ile alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, amewapa mgongo, miguu nje uani, kimya kama mgeni.

"Chiriku, chai inapoa," mama yake alisema kwa mara ya nne.

Baba akanyanyuka, akamgusa bega. Mtoto aliruka kwa kushtuka mpaka daftari likamponyoka.

"Baba jamani, mbona unaninyatia?"

"Tumekuita mara nne."

"Hamjaniita. Mngeniita si ningesikia."

Mama yake akacheka, akasema hizo ni nta tu, jioni akioga atasafishwa masikio. Baba hakucheka. Alitazama kule mtoto alikokuwa akitazama, penye gari, na chai yake hakuirudia. Tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema: mtu huyu alikuwa na jambo moyoni, na lilianzia kwenye gari hilo siku moja tu nyuma.

Kazini walimwita Bwana Mita. Alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, daftari kwapani, na katika miaka kumi na moja hakuwahi kukosea tarakimu. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa na magurudumu manne. Gari lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, la mkono wa pili, na mtaani yalikuwepo matano kama hilo, lakini alilipenda. Alikuwa amejiunga na kundi la simu la wenye magari ya aina hiyo, watu arobaini na kitu waliokuwa wakionyeshana picha za magari yao kama mabibi wanavyoonyeshana wajukuu. Mmoja wao, waliyemwita Injinia ingawa aliuza magodoro, alibadilisha grili ya bampa, akaweka wavu mweusi wenye matundu kama ya sega la nyuki. Kundi zima likamsifu siku mbili mfululizo. Bwana Mita akaona lake haliwezi kubaki na meno yale ya plastiki lililotoka nayo kiwandani.

Aliamua kuifanya kazi mwenyewe, nyumbani. Aliivua bampa, akailaza juu ya godoro kuukuu, akayakata yale meno kwa msumeno wa chuma na kupiga tupa kingo zote mpaka zikawa laini. Kila hatua aliipiga picha, akaituma. Kisha wavu aliouagiza ukachelewa. Ikabidi airudishe bampa mahali pake ikiwa mdomo wazi, na gari likakaa uani wiki tatu, kwa sababu hakutaka kuonekana nalo barabarani likiwa kibogoyo.

Katika wiki hizo tatu, paka alizaa humo.

Alikuwa paka wa kijivu, asiye wa mtu. Alipita kwenye ule uwazi, akajikunja nyuma yake, kati ya bampa na boriti ya chuma, ambapo pana nafasi ya kuingiza mikono miwili na chini pamezibwa na sahani ya plastiki ya kuzuia matope. Bwana Mita alimwona akiingia na kutoka. Hakujali. Alijiambia kwamba siku ya kuweka wavu atahama mwenyewe.

Wavu ulifika Ijumaa. Jumapili saa kumi kundi lilikuwa linakutana kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya soko, magari yapangwe mstari yapigwe picha, naye alikwisha kutamba kwamba lake litakuja na sura mpya. Karatasi ya maelekezo ilisema wazi: vua bampa kwanza. Lakini mara ya kwanza alipoivua klipu mbili zilivunjika, hakutaka zivunjike nyingine, basi akaamua kuufunga wavu kwa mbele, bampa ikiwa palepale. Yeye wa kupima mara mbili, siku hiyo hakupima hata mara moja.

Saa nane kasoro aliingiza mkono apitishe kibanio cha kwanza, vile vya plastiki ambavyo ukivikaza vinalia krr na havirudi nyuma. Vidole vyake vikagusa kitu laini, cha moto. Kikasogea. Akautoa mkono haraka, akabaki ameinama, akipiga hesabu ya muda. Kuvua bampa, kutoa kilichomo, kuirudisha: saa nzima na zaidi, na bado alitaka kuliosha gari. Sauti nyembamba ikatoka ndani.

Chiriku alikuwa kizingitini na daftari lake la kusoma.

"Baba, kuna vitoto humo."

"Hakuna kitu."

"Nimesikia nyau."

"Ni plastiki hiyo. Ikipata jua inalia."

"Plastiki inalia nyau?"

"Chiriku, umesikia vibaya. Hakuna sauti yoyote. Soma."

Mtoto akamtazama, akaitazama bampa, akainamia daftari. Alimwamini. Katika yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomwuma Bwana Mita zaidi, kwamba mtoto alimwamini yeye kuliko alivyoyaamini masikio yake mwenyewe.

Vibanio vilikuwa kumi na kimoja. Alipofika cha nane, yule paka akaruka ukuta na kuingia uani. Kumbe siku hiyo alikuwa akihama kweli, akiwabeba wanawe mmoja mmoja kwa meno. Mmoja alikwisha kumpeleka anakokujua yeye, na sasa alikuwa amerudi kuwafuata waliobaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye uwazi wake akaukuta una wavu. Akaweka mkono juu ya wavu, taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa. Kisha akageuka akamtazama Bwana Mita machoni. Hakufoka wala hakukunja mgongo. Paka hamkazii mtu macho muda mrefu, lakini huyu alimkazia mpaka yeye ndiye aliyeyaepusha yake. Bwana Mita akachota maji ya ndoo akammwagia. Hakusogea. Maji yalimtiririka yakaisha, na manyoya yake yalikuwa makavu.

Alifunga vitatu vilivyobaki, akaliosha gari, akaondoka. Alijisemea atawatoa akirudi. Njiani vilikuwa vinalia, akafungua redio, vikazidi kulia, akaiongeza sauti. Kwenye foleni ya mzunguko injini ikapata moto na feni ikaanza kuvuma. Alipofika uwanjani hapakuwa tena na haja ya redio.

Walimsifu sana. Injinia mwenyewe aliinama, akaugusa wavu kwa kidole, akasema, "Hapa umeniweza, ndugu yangu." Bwana Mita akatabasamu kwenye picha zote. Aliporudi nyumbani hakufungua bampa. Alisema kesho.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi hakucheka.

Jumanne mwalimu alimrudisha Chiriku nyumbani kabla ya saa nne, amemshika mkono. Alisema mtoto hajibu akiulizwa, na wenzake wamempigia makofi nyuma ya kichwa hakugeuka. Jumatano wakampeleka hospitali. Daktari alimwangalia masikio kwa kitochi chake, akampima kwa mashine, akarudia kupima, akavua miwani.

"Masikio haya ni mazima," akasema. "Kitu pekee nisichokielewa ni kwa nini mwenye nayo hasikii."

Wakarudi na chupa ya dawa ya matone. Usiku huo nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, ile inayokuja unywele ukigusa moto wa jiko. Mama Chiriku alikagua jiko, akakagua pasi, akafuata harufu chumba hadi chumba kwa pua, mpaka ikamfikisha kwenye mto wa mtoto. Aliubadilisha mto. Harufu ikabaki. Akainama akanusa kichwa cha mwanawe aliyelala, kisha akamgeukia mumewe.

Mnasema kwa nini hakufungua bampa tu yakaisha. Alijaribu. Alhamisi kabla ya kwenda kazini alitoka na plaizi mkononi, akafika mbele ya gari, na ile harufu ikamwambia kilichomo kabla hajachungulia. Akafikiri mtoto ataona. Akafikiri mkewe atauliza vimeingiaje, na ataambiwa nini. Akarudisha plaizi kwenye boksi. Aibu yake ilikuwa na nguvu kuliko huruma yake, na aliliona hilo kabisa, akajichukia, akaenda kazini hivyohivyo.

Jioni yake Chiriku alikuwa hasikii chochote. Sahani ilivunjika nyuma yake asitikisike. Hata maneno yake yalianza kwenda upande, kwa kuwa hakuyasikia yakitoka. Lakini mama yake alipokuwa akimvua viatu, akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anatoa siri:

"Mama, mimi nasikia wao tu."

Mama akamwuliza kwa mikono: nani?

"Wale wa kwenye gari. Wako watatu. Wanasema kuna joto."

Mama Chiriku akaacha kiatu. "Wa kwenye gari wepi, baba Chiriku?"

"Mtoto ana homa."

Akamwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo. "Hana homa," akasema. "Nakuuliza tena, wa kwenye gari wepi?"

"Mimi nitajuaje?"

Mkewe akasimama. Alimbeba mtoto akaenda kulala naye, na mlango wa chumba akaufunga kwa ndani.

Ijumaa mchana, jua likiwa utosini, Bwana Mita alikuwa anamalizia mtaa wake wa mwisho. Lango la nyumba ya mwisho likafunguliwa kabla hajabisha. Aliyefungua alikuwa mwanamke aliyevaa kijivu, si kijana si mzee, na nguo zake zilikuwa zimeloa chapachapa kama aliyetoka kumwagiwa ndoo.

"Karibu, baba Chiriku," akasema.

Alikwisha kuingia hatua mbili ndipo alipojiuliza jina hilo huyu amelijuaje. Miguu ikaendelea bila yeye. Mita ilikuwa kwenye kona ya ukuta, chini ya kifuniko cha bati, na mwanamke alisimama nyuma yake karibu sana. Hakuwa akitoa sauti ya kupumua. Bwana Mita akainama, akainua kifuniko. Mahali pa tarakimu palikuwa na wavu mweusi wenye matundu kama ya sega, na nyuma ya wavu kitu kilikuwa kikihema, na pumzi yake ilimpiga usoni ikiwa ya moto na yenye ile harufu.

"Walikuwa wanne," mwanamke akasema nyuma ya sikio lake. "Mmoja nilikwisha kumfikisha. Nilirudi kuwafuata watatu."

Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. "Sikujua," akanong'ona.

"Ulimgusa mmoja kwa kidole."

Akarudisha kifuniko cha mita.

"Ukamwambia mwanao hakuna sauti yoyote. Mimi nimelishika neno lako, maana wewe ndiye baba. Masikio nimeyamaliza. Leo nachukua sauti yake, na nikitoka hapo nachukua pumzi."

"Nisamehe, mama."

"Unaniomba mimi," mwanamke akasema, bila hasira yoyote. "Mimi nilijua tangu siku ile. Kawaambie wasiojua."

Shingo ilipofunguka, nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu na lango limefungwa kwa kufuli lenye kutu. Aliruka ukuta. Daftari lake lilibaki kwenye majani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, na alikimbia mtaa mzima bila kulikumbuka.

Alifika nyumbani jasho likimwingia machoni, akasukuma geti, na kabla hajaita mtu alimwona paka wa kijivu amekaa juu ya boneti, amekunja mikono chini ya kifua, ametulia kama mwenye gari, akitazama dirisha la jikoni, naye Bwana Mita akafuata macho ya paka mpaka dirishani, na huko, nyuma ya wavu wa mbu, alikuwa amesimama mwanawe, ameng'ang'ania wavu kwa vidole kumi, akiukwangua, akiukwangua taratibu bila kupumzika mpaka kucha zimechimbika na nyuzi za wavu zina damu, na mdomo wake unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kama mtu anayeita kwa nguvu zake zote, ila hapakuwa na sauti hata chembe, wala ya kilio wala ya kupumua, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa uani kote, na jua lilikuwa kali, na mtaani watu walikuwa wanapita na mifuko yao wakisalimiana.

Ndani alimkuta mkewe amemshika mtoto kiunoni akijaribu kumbandua. Kando yao alikuwa amesimama Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa ule, na ambaye watu walimfuata pia kwa mambo ambayo hospitali haina dawa yake. Mama Chiriku alikuwa amemwita bila kumwuliza mumewe.

"Mama Mkunga, mtoe huyo jini," Bwana Mita akasema akihema. "Sema unachotaka, nitaleta."

Mkunga akatikisa kichwa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hakuja na mfuko wala chetezo.

"Humu hamna jini wa kupunga, baba," akasema. "Humu mna mama aliyefiwa. Nimekaa na akina mama waliofiwa miaka thelathini, nawajua wakiingia chumbani. Hawataki mbuzi. Wanataka mtu aseme kilichotokea. Kimetokea nini?"

"Sijui."

"Baba Chiriku," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mtoto anakosa hewa."

Ilikuwa kweli. Kifua cha Chiriku kilikuwa kinapanda nusu na kuishia hapo, na midomo imeanza kugeuka rangi. Alikuwa amemgeukia baba yake. Hakumtazama kwa kumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu alimtazama kama siku zote, kama mtu anayejua baba atafanya kitu.

Bwana Mita akatoka, akachukua plaizi kwenye boksi. Paka hakuondoka juu ya boneti. Alipiga magoti mbele ya bampa, kati ya uso wake na uso wa paka hapakufika urefu wa mkono, akakata kibanio cha kwanza. Mkunga alikuwa amembeba mtoto mpaka kizingitini, na mama yake yupo nyuma. Akakata cha pili, cha tatu. Alianza kusema akiwa anakata, kwa sababu akisubiri amalize alijua hatasema.

"Walikuwa humu. Nilijua wamo. Nilimgusa mmoja."

"Sema kwa sauti," Mkunga akasema.

"Chiriku aliwasikia. Akaniambia. Nikamwambia amesikia vibaya." Cha saba, cha nane. "Nilikuwa naogopa kuchelewa kupiga picha. Mama yao alikuja nikammwagia maji. Walilia njia nzima, nikafungulia redio."

Mama Chiriku akatoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Nimewaua kwa ajili ya picha," Bwana Mita akasema, na akakata cha kumi na moja.

Wavu ukaanguka. Walikuwa watatu, wamekauka, wamebanana kwenye pembe iliyo mbali na injini, na mmoja, aliyekuwa mbele ya wenzake, kucha zake ndogo zilikuwa zimechimbika kama za Chiriku. Aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawalaza juu ya shati lake alilolivua. Alikuwa analia sasa, kwa kwikwi, na hakujali nani anamwona.

Ndipo Chiriku akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, ileile ya nyuma ya sikio.

"Umesema," ikasema. "Huyu hakukusikia."

Mkunga akamkaza mtoto mikononi. Alizungumza chinichini, kama anavyozungumza mzazi na mzazi. "Mwenzangu, watoto wako wamerudi. Wachukue. Na huyu mwachie mama yake."

"Siondoki mikono mitupu."

"Chukua yangu," Bwana Mita akasema. "Chukua masikio yangu. Yeye alisikia sawasawa tangu mwanzo, asiyesikia ni mimi."

Paka alishuka kwenye boneti, akanusa wanawe mmoja baada ya mwingine, akichelewa kwa kila mmoja.

"Yote sina haja nayo," sauti ikasema kinywani mwa mtoto. "Nitachukua ninachokitaka."

Chiriku akalegea, kichwa kikaangukia bega la Mkunga. Wote watatu walimwinamia, na walipoinua macho shati lilikuwa tupu, na paka hakuwepo uani wala juu ya ukuta. Harufu ilikuwa imekatika. Plaizi ikaponyoka mkononi mwa Bwana Mita ikaanguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo, na mtoto akashtuka, akaziba masikio kwa viganja.

Mama yake alipiga magoti palepale. Akamwita kwa kunong'ona, mtoto akageuka. Akamwita kwa chini zaidi, akaitikia. Bwana Mita aliona midomo ya mtoto ikisema mama, ingawa neno lilifunikwa na kilio cha mkewe. Aliwaona wote wawili wakilia na kucheka, alimsikia mkewe akishukuru, alimsikia Mkunga akisema apewe maji, alisikia hata baiskeli ikipita nje, na moyo wake ukawa mwepesi, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yako sawa na alidhani amesamehewa.

Chiriku akamgeukia. Akasema jambo. Lilikuwa refu kidogo, kama kawaida yake.

Midomo ya mtoto ilisogea vizuri kabisa, kila neno mahali pake. Kilichomfikia baba yake kilikuwa sauti za vitoto vitatu vya paka, nyembamba, nyuma ya plastiki, vikilia kwa pamoja.

Mtoto akanyamaza, na vile navyo vikanyamaza. Alikuwa anasubiri jibu. Mkewe naye alikuwa anamtazama, na Mkunga pia. Bwana Mita hakujua ameulizwa nini. Alifikiri labda anaulizwa kama anaumia, au kama anafurahi, au kama Jumatatu shule ataenda. Akafanya anavyofanya baba yeyote aliyerudishiwa mwanawe. Akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

Uso wa Chiriku ukajifunga. Akarudi nyuma hatua moja, akashika nguo ya mama yake, na mkono baba aliomnyooshea ukabaki hewani.

"Unamjibu huku unacheka?" Mama Chiriku akasema taratibu. "Mtoto amekuuliza kama siku ile uliwasikia. Kama ulimwambia uongo makusudi."

Hakuweza kulirudisha jibu, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Hakumweleza mkewe kwa nini alitabasamu, siku hiyo wala baadaye. Angeanzia wapi. Chiriku ameshakuwa mkubwa, na kwa mama yake na kwa wengine bado haishi maneno. Kwa baba yake huzungumza inapobidi tu, kuomba chumvi, kusema kuna mgeni mlangoni, naye hutazama midomo yake akabahatisha. Vilio humjia hivyohivyo kila anapofungua kinywa. Siku hizi anaweza kuwatofautisha. Wa kwanza ana sauti ya kukwaruza, wa pili hulia kwa vipande, na yule wa tatu, mdogo wao, huendelea kidogo peke yake baada ya Chiriku kumaliza kusema na kuondoka.